Mcheza Kwao Hutunzwa: Ngoma za Nyanza ya Kusini Mbele ya Televisheni

Wazee wetu walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hapana shaka, msomaji wangu, methali hii umeisikia mara nyingi, na pengine umeitia katika insha zako pasipo kuipima uzito wake. Ina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba mchezaji mwema astahili tuzo. La pili ni kwamba tuzo hiyo hutoka kwa watu wa kwao, yaani watu wamjuao kwa jina, wawajuao wazazi wake, na waliokuwako siku ya furaha yake na siku ya msiba wake. Mtu achezaye ugenini hana ahadi hiyo. Huko aweza kushangiliwa, aweza kuchekwa, hata aweza kufukuzwa. Watazamaji hawana deni kwake.

Sasa fikiri juu ya mtu achezaye katika televisheni. Mwili wake uko mahali pamoja, na sura yake iko katika maelfu ya nyumba kwa wakati mmoja. Anatazamwa na jirani yake, na anatazamwa na mtu asiyeijua hata lugha yake. Je, mtu huyo anacheza kwao, au anacheza ugenini? Kwa kulijibu swali hili twaweza kufahamu jinsi televisheni ilivyogusa mawazo yetu juu ya mwanamume na mwanamke, juu ya mtu mweusi na mtu mweupe, na juu ya kabila moja na jingine. Nitalijibu kwa kutazama historia ya ngoma katika kaunti mbili za Kenya zilizo kando ya Ziwa Viktoria, Migori na Homa Bay, ambazo zamani zilikuwa sehemu za wilaya moja ya Nyanza ya Kusini.

Wenyeji wengi wa nchi hiyo ni Waluo. Pamoja nao wako Wakuria, wakaao Migori mpakani mwa Tanzania, na Wasuba, ambao asili yao ni Kibantu, na ambao makao yao yajulikanayo zaidi ni visiwa vya Rusinga na Mfangano. Kila watu walikuwa na ngoma zao na vyombo vyao. Lakini kwa kuwa siwezi kueleza yote katika insha moja, nitaanza na Waluo, kisha nitarudi kwa jirani zao.

Katika mila ya Waluo ngoma ziligawanywa kwa utaratibu. Nyatiti, chombo chenye nyuzi nane, ilikuwa ya wanaume. Mpigaji aliketi juu ya kigoda kifupi, akafunga njuga mguuni, akavaa pete ya chuma katika kidole cha gumba cha mguu. Akawa anaigonga pete hiyo katika mti wa chombo, huku mikono ikicheza na nyuzi na kinywa kikiimba. Hivyo mtu mmoja alifanya kazi ya watu watatu. Mwanamke hakuruhusiwa kuipiga. Wanawake, kwa upande wao, walikuwa na dodo, ngoma waliyoicheza harusini na penye karamu za pombe. Na katika nyimbo za dodo walimsifu aliyestahili sifa. Basi usidhani kwamba mwanamke aliyenyimwa nyatiti alinyimwa na sauti. Alikuwa na uwanja wake, na katika uwanja huo aliweza kusema mbele ya watu maneno ambayo asingeweza kuyasema nyumbani.

Liko jambo jingine ambalo nataka ulishike, kwa maana tutalihitaji baadaye. Katika ngoma hizo hapakuwa na mtazamaji mtupu. Palikuwa na desturi iitwayo pakruok. Mtu aliyetaka kujisifu, au kumsifu rafiki yake au mkwewe, aliusimamisha muziki, akatoa fedha, akanena maneno yake kwa fahari mbele ya mkutano. Alipokwisha, muziki ukaendelea. Mpigaji naye alimjibu kwa wimbo. Hapo ndipo waonapo maana ya methali yetu kwa macho: mchezaji alitunzwa na watu wa kwao, na kila mtu uwanjani alikuwa na haki ya kusema. Aliyetazama alitazamwa pia.

Kisha walikuja watu wenye macho mengine. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliwaita Waluo na Waluhya wa pande za ziwa kwa jina moja, Wakavirondo, jina ambalo wenyewe hawakujipa. Mwaka 1907 Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo mmoja wa wakubwa wa wizara ya makoloni, alipita Kisumu, na katika kitabu chake cha safari kilichotolewa mwaka 1908 aliwaeleza Wakavirondo hasa kwa uchi wao. Kwa wenyeji, vazi lilikuwa na maana yake. Mwanamke aliyeolewa alivaa nyuma mkia wa nyuzi uitwao chieno, na aliyeuona alijua mara moja kwamba huyo ni mke wa mtu na kwamba apaswa kuheshimiwa. Mgeni aliuona mkia ule ule, asisome lolote. Aliona ngozi nyeusi isiyofunikwa kwa nguo, akahukumu.

Mwaka 1906 wamisionari Waadventista wa Sabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay ya leo. Walikuwa Arthur Carscallen, mtu wa Kanada, pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika aliyetoka nchi iitwayo sasa Malawi. Yapasa tuwe waadilifu katika kusimulia habari zao. Walifundisha watu kusoma, walileta mtambo wa kupiga chapa, na shule nyingi za kwanza za nchi ile zatokana na kazi ya misheni. Hata hivyo, mafundisho yao yaliweka ngoma upande mmoja na pombe na mizimu, na nyimbo za kanisa upande mwingine. Kijana aliyetaka kubatizwa ilimpasa kuiacha ngoma. Tangu hapo mtoto wa Nyanza ya Kusini alikua akijua kwamba mwendo wa mwili wake una hakimu wawili: mmoja yuko uwanjani na atamtunza, na mwingine yuko nje ya ua na atamwita mshenzi.

Nimeyataja mambo haya kabla ya kuifikia televisheni kwa sababu televisheni haikuyaanzisha. Iliyakuta. Macho ya mgeni yalikuwako miaka mingi kabla ya kamera. Kamera iliyapa tu nguvu ya kufika mbali.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, chini ya Shirika la Utangazaji la Kenya. Mwaka 1964 serikali ililigeuza shirika hilo kuwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudishiwa jina lake la kwanza. Mwanzoni picha zilifika Nairobi na kando zake tu, na chombo chenyewe kilikuwa mali ya matajiri. Mwaka 1990 ulianza mtambo wa kwanza usio wa serikali, KTN, na mwaka 2015 nchi nzima iliingia katika utangazaji wa kidijitali. Kwa hiyo mtu wa Mbita au wa Rongo alionyeshwa katika televisheni miaka mingi kabla ya kuwa na televisheni ya kujitazama. Lipime neno hilo. Alitazamwa kabla ya kutazama.

Kabla ya kuendelea na habari za kwetu, tuvuke bahari kidogo, ili tuone kwamba jambo hili halikuwa la Afrika peke yake. Mwaka 1957 kipindi cha dansi kiitwacho American Bandstand, kilichotengenezwa katika mji wa Philadelphia, kilianza kuonyeshwa Marekani nzima. Vijana waliocheza mbele ya kamera walikuwa karibu wote weupe, ingawa mji wenyewe ulikuwa na watu weusi wengi, na ingawa dansi nyingi walizozicheza zilibuniwa na vijana weusi. Mwaka 1960 mwimbaji mweusi, Chubby Checker, aliueneza mtindo wa twist kwa njia ya televisheni. Wimbo wenyewe alikuwa ameutunga mtu mweusi mwingine, Hank Ballard. Mtindo huo ulikuwa na jambo jipya juu ya mwanamume na mwanamke. Katika dansi za zamani za Wazungu mwanamume hushika na kuongoza, na mwanamke hufuata. Katika twist hakuna anayemshika mwenziwe, na kila mtu husimama kwa miguu yake. Wazee wengi wa nchi zile walikasirika. Waliona kiuno cha mtoto wao kikizunguka kama kiuno cha mtu mweusi, nao walikuwa wamefundishwa kukidharau kiuno hicho.

Twist ilifika Nairobi upesi. Daudi Kabaka aliigeuza kuwa ya kwetu, ikaitwa twist ya Kiafrika. Na wimbo wake Helule Helule uliwapendeza Waingereza hata mwaka 1968 kikundi chao, The Tremeloes, kikaurekodi upya na kuuza sana. Watazame wasafiri hawa wawili: wimbo wa Kabaka ulivuka bahari ukaimbwa na vijana weupe, na Kabaka mwenyewe akabaki nyuma. Katika Tanzania, nchi iliyo jirani na Migori, wakubwa walishika njia nyingine. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana kupinga nguo fupi, nywele za bandia na mengineyo yaliyoonekana kuwa ya kigeni, na mwaka huo huo muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Nia ilikuwa kulinda utamaduni wa Kiafrika. Lakini ukichunguza utaona kwamba mzigo mkubwa wa ulinzi huo ulitwikwa wanawake: nguo zao ndizo zilizopimwa urefu, na nywele zao ndizo zilizokaguliwa. Mara nyingi taifa likitaka kuonyesha kwamba lina utamaduni, humtuma mwanamke auvae.

Kenya nayo ilitaka kuionyesha dunia sura yake. Mwaka 1971 ilianzishwa Bomas of Kenya, nje kidogo ya Nairobi, iwe mahali pa kuhifadhi na kuonyesha ngoma za makabila. Wachezaji wa Bomas ni hodari sana. Kundi moja hucheza ngoma ya Waluo, kisha hubadili mavazi na kucheza ya Wamijikenda, kisha ya Wakikuyu. Kwa namna moja hilo ni jambo jema, maana lafundisha kwamba Mkenya aweza kuicheza ngoma ya ndugu yake bila kumwibia. Kwa namna nyingine, ngoma iliyokuwa ikichezwa usiku kucha hukatwa ikawa ya dakika chache. Aionaye katika televisheni siku ya sikukuu huona mabega yakitikisika, nyuzi za katani kiunoni, manyoya kichwani, basi. Pakruok haimo, kwa kuwa mtazamaji hawezi kuusimamisha muziki. Masuto na sifa za dodo hazimo, kwa kuwa hakuna ajuaye anayesifiwa ni nani.

Tena wako watu ambao picha hiyo huwaficha kabisa. Nilisema kwamba nitarudi kwa jirani za Waluo. Wasuba wengi leo husema Kiluo, na lugha yao ya asili imo katika hatari ya kupotea. Wakuria wana chombo chao kikubwa cha nyuzi, litungu, chenye sauti nzito ya chini ambayo huwezi kuisahau ukiisikia. Lakini mtangazaji akisema kwamba sasa twaiona ngoma ya Nyanza, aghalabu tutaonyeshwa ya Waluo. Waluo walipewa na wageni jina ambalo si lao. Na leo, pasipo kukusudia, jina lao laweza kuwafunika wengine. Mwenye kuonewa asipojichunguza huweza kuonea.

Sasa nimefika kwa mwanamke ambaye kwa ajili yake hasa nimeiandika insha hii. Jina lake ni Lilian Auma, mwenyeji wa Migori, na ulimwengu wa muziki ulimjua kwa jina la Princess Jully.

Yakupasa kwanza kujua muziki wenyewe. Benga ulizaliwa wakati vijana wa Nyanza walipoyashika magitaa na kuyapiga kama nyatiti: haraka, nyuzi moja moja, huku gitaa la chini likigonga kama ile pete ya chuma. Mmoja wa mabingwa wake alikuwa Daniel Owino Misiani wa bendi ya Shirati Jazz, aliyezaliwa upande wa Tanzania, si mbali na mpaka wa Migori, na aliyefariki mwaka 2006. Benga uliurithi utaratibu wa nyatiti pia: wenye bendi na wapiga magitaa walikuwa wanaume. Mwanamke aliyeonekana jukwaani aghalabu alikuwa mchezaji wa mbele, wa kupendeza macho.

Julius Okumu, aliyeitwa Prince Jully, alikuwa mwenye bendi ya namna hiyo, na Lilian Auma alikuwa mkewe. Mwaka 1997 Prince Jully alifariki. Fikiri juu ya hali ya mjane katika nchi ile. Desturi iitwayo tero ilitaka mjane arithiwe na ndugu wa marehemu, na mali ya mume ilitazamwa kuwa ya ukoo. Wengi wangedhani kwamba bendi nayo ingekufa, au ingepewa mwanamume. Lilian Auma aliishika yeye. Mjane akawa kiongozi wa wapiga magitaa wanaume, akaimba, akacheza, na wimbo wake Dunia Mbaya ukasikika redioni na kuonekana katika televisheni mpaka mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja ajuaye Kiluo. Maana aliuimba kwa Kiswahili, akaifikia nchi nzima.

Wimbo huo ulikuwa onyo juu ya UKIMWI. Ili uone uzito wake, ukumbuke wakati wake. Ugonjwa huo uligunduliwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1984. Ilipofika Novemba mwaka 1999 ndipo Rais Daniel arap Moi alipoutangaza kuwa janga la taifa. Dawa za kutuliza makali ya virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka. Kwa hiyo mwanamke huyu aliimba wakati ambapo wagonjwa maskini hawakuwa na dawa, serikali ilikuwa haijatangaza janga, na katika nyumba nyingi neno lenyewe halikutamkwa; mtu alipokufa ilisemekana amerogwa au ameivunja miiko. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100 wa Homa Bay karibu 20 walikuwa na virusi, na katika Migori 13, hali katika Kenya nzima walikuwa karibu 5. Kwa rehema ya dawa, wengi wa watu hao waishi, walima, wavua samaki na kulea watoto wao. Mwaka 1997 hali haikuwa hivyo.

Sasa rudi kwenye swali letu. Princess Jully alisifika kwa kuzungusha kiuno. Huenda ukamsikia mtu mzima akikuambia kwamba alikuwa mchezaji wa mambo ya aibu, na kwamba haikufaa maneno mazito kama yale kuchezewa kiuno. Mtu huyo usimdharau, bali mwulize alimtazama akiwa wapi. Aliyemtazama kwa mbali, asiyejua habari ya mume aliyezikwa, aliona mwanamke na kiuno chake. Aliyemtazama kutoka Migori aliona mjane.

Tena aliona jambo la kale sana. Kwa Waluo ngoma na msiba havikutengana kamwe. Baada ya kifo cha mzee, wanaume walitoka na ng'ombe na mikuki na ngoma katika desturi iitwayo tero buru, wakakimbia na kupiga kelele ili kukifukuza kifo kijijini. Kucheza matangani hakukuwa dharau kwa marehemu; kulikuwa kukataa kushindwa. Katika tero buru wanaume ndio walioshika mikuki. Mjane wa Migori hakuwa na mkuki. Alikuwa na sauti, magitaa na mwili wake mwenyewe, navyo akakikabili kifo kilichokuwa kikiimaliza nchi ya kwao. Ikiwa ni aibu, basi nionyeshe mahali aibu ilipo.

Nasema hivi nikijua kwamba neno moja lapingana na maneno yangu. Yawezekana kusema kwamba bila kiuno kile televisheni isingemtaka, na kwamba wanaume wenye kamera waliuchagua mwili wake, maneno wakayachukua kama nyongeza. Sikatai. Kamera huchagua, nayo mara nyingi humchagua mwanamke kwa sababu isiyo ya heshima. Lakini mwanamke huyu aliingia kwa mlango aliofunguliwa, akasema ndani ya nyumba maneno ambayo mwenye nyumba hakuyategemea. Alifariki mwaka 2024, na nchi nzima ilimkumbuka kwa wimbo ule mmoja. Baada yake, na pamoja naye, wanawake wengine wa Migori wamesimama mbele ya bendi kama viongozi. Mmojawapo ni marehemu Lady Maureen, aliyeimba ohangla, muziki wa ngoma zilizowambwa kwa ngozi ya kenge ambao zamani ulikuwa mikononi mwa wanaume.

Upo mfano mmoja zaidi, nao utatusaidia kuupima moyo wetu. Mwanzoni mwa karne hii mwanamke wa Japani, Eriko Mukoyama, alikuja Kenya akaenda kuishi kijijini Siaya, kaskazini mwa ghuba, ili ajifunze nyatiti. Mwalimu wake, mzee Okumu K'Orengo, alimkubali baada ya kumjaribu. Akaitwa Anyango, jina la msichana aliyezaliwa kati ya asubuhi na adhuhuri, na tangu hapo amepiga nyatiti katika majukwaa na televisheni za nchi nyingi. Mambo mawili yaliyodhaniwa kuwa hayawezekani yalikutana katika mtu mmoja: mpiga nyatiti mwanamke, tena si Mwafrika.

Wengine walifurahi, wakasema kwamba utamaduni wetu umeheshimiwa. Mimi nami nafurahi, kwa kuwa aliketi miguuni pa mwalimu, akajifunza lugha na kupika na kuteka maji, na hakuja kuchukua picha na kuondoka. Alifanyika mtu wa kwao kabla ya kupiga. Lakini nakuomba ujiulize hili: msichana wa Ndhiwa au wa Uriri akimwambia babu yake leo kwamba ataka kujifunza nyatiti, atajibiwa nini? Ikiwa mlango umefunguliwa kwa mgeni kwa sababu ni mgeni, ukabaki umefungwa kwa binti wa nyumba, basi bado twayaheshimu macho ya nje kuliko masikio ya ndani. Heri tuseme kweli: wasichana wameanza kuingia, na kila mmoja aingiaye amlegezea bawaba yule afuataye.

Basi nimejibu nini? Mchezaji wa televisheni hayuko kwao, wala hayuko ugenini. Ni mtazamaji aamuaye mahali hapo patakuwa wapi. Ukimtazama mtu pasipo kumjua, umemweka ugenini, hata kama kijiji chake chapakana na chako. Ukijitahidi kumjua, umempa kwao, hata kama bahari yawatenga. Siku hizi kamera imo katika kila simu, na wewe mwenyewe waweza kurekodi ngoma ya shule yenu na kuipeleka duniani kabla ya jua kutua. Kwa hiyo wajibu uliokuwa wa wenye mitambo ya Nairobi umekuwa wajibu wako.

Nakupa maswali manne ya kuchukua kila utazamapo ngoma katika kioo. Ni nani achezaye, na jina lake nani? Ngoma hii huchezwa wakati gani na watu wa kwao, na kwa sababu gani? Ni nani aliyechagua sehemu hii ya mwili, au sehemu hii ya wimbo, nionyeshwe mimi? Na ni nani ambaye angekuwamo katika picha hii lakini hayumo? Usiseme kwamba maswali haya ni ya wataalamu. Kijana wa kidato cha pili aweza kuyauliza, naye akiyauliza atakuwa ameanza kuwa mwanahistoria.

Mwisho, nakupa kazi ndogo, kama ilivyo desturi ya walimu. Wanawake waliocheza dodo walipokuwa wasichana sasa ni wazee sana. Mtafute mmoja, awe bibi yako au jirani, wa Kiluo, wa Kisuba au wa Kikuria, kwa ngoma yoyote ya kwao. Mwombe akufundishe wimbo mmoja, na akueleze ulimsifu nani au ulimsuta nani. Uandike katika daftari pamoja na jina lake, kijiji chake na tarehe. Tena usiende mikono mitupu. Mchukulie sukari au sabuni, kwa kuwa mcheza kwao hutunzwa, na huenda huyo amengoja tuzo yake muda mrefu.